Usipunguze Upepo

Mvua za vuli zikikaribia, swali huwa ni lile lile. "Fundi, nina Mark X, nakwenda Garsen, na njiani kumenyesha. Tairi za nyuma nizipunguze upepo hadi pauni ngapi?" Hakuna anayeuliza kama upepo upunguzwe, hilo watu wameshaafikiana vibarazani zamani. Wanachotaka kwangu ni namba tu. Haya, namba ni sifuri. Usipunguze hata pauni moja. Na kwa kuwa jibu fupi kama hilo halijawahi kumridhisha mtu, leo naliandika refu, pengine mwaka huu nitaulizwa jambo jingine.

Imani yenyewe naijua ilikotoka. Tana River ni nchi ya mchanga na ya udongo mweusi unaonata. Land Cruiser inayoingia vijiji vya delta, au inayofuata ng'ombe wa Waorma malishoni, hupunguzwa upepo ikifika penye mchanga: tairi hutanuka, hukanyaga eneo kubwa, na gari halizami. Hiyo ni kweli na sina ubishi nayo. Balaa lilianza lami ilipofika. Barabara ya Lamu, kutoka makutano ya Minjila kupitia Gamba hadi Witu na Mokowe, siku hizi ni lami, na dereva aliyezoea kutambaa kwa kilomita 30 kwa saa sasa anakwenda 110 huku ujuzi aliobeba ni wa mchangani. Mchangani gari huzama. Kwenye lami yenye maji gari huelea. Mtu anatibu ugonjwa mmoja kwa dawa ya ugonjwa ulio kinyume chake, kisha anashangaa.

Tairi linapoingia kwenye maji, maji yaliyo mbele yake lazima yapate pa kutokea, kwenye mifereji ya tairi au pembeni. Kasi ikizidi hayawahi kutoka. Yanajikusanya chini ya tairi na kulisukuma juu, na msukumo huo hukua kwa mraba wa kasi: ukitoka kilomita 50 ukaenda 100, maji yanakusukuma mara nne. Kinachopingana nayo ni mkandamizo wa tairi juu ya lami, na mkandamizo huo, kwa kila inchi ya mraba, unakaribiana na upepo uliomo ndani. Pauni 32 ndani ni takriban pauni 32 pale chini. Ukitoa upepo, gari halijapungua uzito hata kilo. Uzito ule ule umetandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, kwa hiyo kila inchi inakandamiza kwa nguvu ndogo zaidi. Umeyapunguzia maji kazi.

Hili wala si maoni yangu. Miaka ya 1960, Walter Horne na wenzake katika kituo cha NASA cha Langley, Marekani, walichunguza kwa nini ndege hushindwa kusimama kwenye njia zilizolowa. Walitoka na kanuni ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza: chukua kipeuo cha pili cha upepo wa tairi kwa pauni, zidisha kwa 9, utapata kasi ya kuelea kwa noti, zile noti za mabaharia. Geuza ziwe kilomita. Pauni 32 zinatoa kama kilomita 94 kwa saa. Pauni 26 zinatoa 85. Pauni 20, kipimo kinachopendwa sana vibarazani, zinatoa 75. Maana yake, yule aliyepunguza upepo "ili gari lishike" amejitolea karibu kilomita 20 za usalama kwa mkono wake mwenyewe, na aghalabu amemlipa kijana wa pancha amfanyie.

Najua atatokea mjuzi wa kuniambia kwamba kanuni ile ni ya matairi ya ndege. Ni kweli, na namba zile si ahadi. Tairi jipya lenye mifereji ya milimita 8, kwenye maji haba, litapita 94 bila wasiwasi. Kipara kitaelea mapema zaidi. Lakini mwelekeo haugeuki: upepo ukishuka, kasi ya kuelea inashuka nao. Tairi legevu, tena, lina ila nyingine. Katikati ya uso wake hubonyea kwa ndani, uzito unahamia mabegani, na mifereji iliyowekwa kumwaga maji inajibana. Na mvua ikikatika, jua la Garsen likarudi, ubavu unaojikunja kila mzunguko hupata joto, na joto hupasua tairi.

"Mbona mimi nilipunguza na gari likatulia?" Lilitulia kwa sababu ulikuwa na hofu, na mwenye hofu huenda polepole. Mwendo ndio uliokuokoa, upepo ukachukua sifa. Siku utakapoiamini hiyo dawa yako kiasi cha kukimbia, ndipo utakapoijua.

Kibaya kuliko vyote ni kupunguza za nyuma peke yake, eti kwa kuwa ndizo zinazosukuma. Mtu huyo amechagua ncha ya gari itakayoelea kwanza, na amechagua ncha mbaya. Za mbele zikielea, gari litakwenda moja kwa moja hata ukikata kona. Utatoka barabarani, ila utakuwa unaona unakokwenda. Za nyuma zikielea, mkia unakuja mbele, na dereva wa kawaida hawahi kuurudisha.

Hapo ndipo Mark X, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, inapoachana na Probox ya kawaida, inayovutwa na ya mbele. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu, na ule ule hutumika kusukuma gari na kulizuia lisiserereke ubavuni. Injini ya silinda sita ya cc 2,500, nguvu za farasi zaidi ya 200, ikikanyagwa katikati ya kona iliyolowa, matairi ya nyuma hutumia mshiko wote kusukuma, na ubavuni hapabaki kitu. Mkia unaondoka. Dereva anashtuka, anaachia mafuta ghafla, na hilo ni kosa la pili: uzito unarukia mbele, nyuma panakuwa pepesi, injini inayavuta magurudumu yale yale. BMW za zamani na Mercedes zina tabia hiyo hiyo. Hata Hiace, matatu ya kila mtu, husukumwa na nyuma, ila haina nguvu za kujionyesha.

Wengine hutia gunia la mchanga kwenye buti. Kwa pikapu tupu lina maana kidogo. Kwa gari dogo ni mzigo usiofungwa unaongoja ajali, nao ukishaanza kuserereka huongeza uzito wa mkia unaotaka kukupita.

Ufanye nini basi? Upepo uwe ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, upimwe asubuhi matairi yakiwa baridi. Ukinunua mawili mapya, yatie nyuma, hata muuzaji akushauri mbele. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na mpira uliozeeka ni mgumu hata kama meno yamejaa. Likiandikwa STUDLESS, ni tairi la barafu ya Japani. Kwenye lami yenye maji ni msiba, litoe. Karibu na gia, Mark X nyingi zina swichi ya SNOW. Theluji hatuna, lakini swichi hiyo hulainisha mwitikio wa mafuta, kwa hiyo ibonyeze mvua ikianza. Ile ya TRC, inayozuia magurudumu yasizunguke bure, usiizime kwenye lami. Izime ukikwama topeni tu. Breki kabla ya kona, mafuta baada ya kona, yote kwa upole. Mkia ukiondoka, tazama unakotaka kwenda, mikono ifuate macho, breki iache. Gari likielea, usukani unakuwa mwepesi ghafla: shika sawa, legeza mafuta taratibu, ngoja. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iogope kuliko ya kumi, kwani vumbi, mafuta na samadi ya mifugo havijaoshwa bado. Gamba, karibu na mashamba ya mpunga ya TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, tarajia tope la trekta juu ya lami. Mwendo wa 70 unatosha. Na mvua ikiwa kubwa hata vifuta vioo vinashindwa, egesha nje kabisa ya lami.

Nikiulizwa kuhusu mvua Tana River, ningependa niulizwe kuhusu maji yanayovuka barabara, maana hayo ndiyo yanayoua. Novemba 2023, mafuriko ya El Niño yaliikata barabara ya Lamu eneo la Gamba. Aprili 2024, katika kaunti hii hii, upande wa Garissa, basi lenye watu 51 lilisombwa, waliokolewa wote. Kama basi lilisombwa, sedani itasimama kwa miujiza gani? Fanya hesabu. Mark X ina uzito wa kama kilo 1,500, na tumbo lake liko sentimita 15 hivi kutoka chini. Maji yakishafika tumboni, kila sentimita 10 za ziada hulibeba gari kwa karibu kilo 700, mpaka maji yaingie ndani. Kwa hiyo yakifika magotini gari limekuwa jepesi kama tenga tupu, na mkondo hauulizi linasukumwa na magurudumu gani. Maji yanayotembea, sentimita 30 zinatosha kulichukua gari dogo.

Kwenye laga, yaani mto wa msimu, usipime kina kwa kumfuata aliyetangulia. Lori lina tumbo juu na tani kadhaa mgongoni, na lami iliyo chini ya maji huenda imeshaliwa tangu lilipopita. Usiingie kwa miguu kupima, usimsikilize kijana anayetaka hela akuvushe. Geuza, rudi Minjila, agiza chai. Maji ya laga mara nyingi hupungua baada ya saa chache mvua ikikatika juu. Ya mto wenyewe ukifurika huweza kukaa majuma, na hapo hakuna chai ya kutosha: rudi Malindi.