Vazi la Kuzamia kwa Umbo la Namba Nane

Fundi cherehani wa Zirai, kule milima ya Usambara, hakati kitambaa kabla ya kuzungusha futi kamba kifuani, kiunoni na nyongani. Mwanamke anayeshuka pwani ya Tanga, au kuvuka hadi Pemba na Mafia kuzamia kwenye matumbawe, anahitaji umakini uleule. Vazi la kuzamia halisamehe kosa la kipimo.

Hutengenezwa kwa neoprini, mpira uliojaa vipovu vidogo vya gesi. Mmarekani Hugh Bradner ndiye aliyebuni wazo la vazi hili mwanzoni mwa miaka ya 1950. Maji kidogo huingia ndani, mwili huyapasha joto, nayo hubaki hapo. Penye mwanya, maji mapya huingia na joto likatoka.

Hapo ndipo mwenye umbo la namba nane hupata taabu. Vazi linaloenea nyongani huacha mfuko wa maji mgongoni, juu kidogo ya makalio. Linalokaa vizuri kiunoni hukwama mapajani.

Dawa yake ni vazi la vipande viwili, kila kipande na saizi yake, au kushonewa kwa vipimo vyake mwenyewe. Kabla ya kulipa, alivae, achuchumae, ainue mikono, kisha avute pumzi ndefu. Kifua kikibanwa, alirudishe.

Unene wa vazi usimtie hofu: katika maji yetu ya uvuguvugu, milimita 3 huwatosha wazamiaji wengi.