Kula sikukuu bila kujuta

Kuhesabu kalori hakukuzuii kuketi kwenye sinia pamoja na jamaa zako. Anzia chunguni, asema MWANDISHI WETU

HEBU tuseme ni mchana wa Krismasi kijijini Kuruwitu. Umesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Nairobi hadi Mombasa, ukapanda matatu ya kuelekea Kilifi, ukashuka Vipingo na kuchukua bodaboda hadi kwa wakwe zako karibu na bahari. Mkeka umetandikwa chini ya mwembe. Sinia la wali wa nazi laletwa likifuka moshi, samaki wa kupaka juu yake, na bakuli la mbaazi kando. Mavyaa wako akuambia: "Karibu mwanangu, nawa ule."

Lakini mkobani mwako mna daftari. Miezi michache iliyopita daktari alikupima akakuambia kwamba uzito umezidi na presha imeanza kupanda. Akakushauri uandike kila unachokula na kalori zake. Umejitahidi kweli kweli. Sasa sinia liko mbele yako, mikono minane imo ndani yake, nawe hujui uandike nini. Ukila, moyo utakusuta hadi Mwaka Mpya. Usipokula, mavyaa atasema mkwe wake wa mjini amekidharau chakula chake.

Mpenzi msomaji, huenda mkasa huu si mgeni kwako, iwe ni Krismasi, Idi au arusi. Na hauwahusu wachache. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Wengi wao, wakifika kwenye sikukuu, huchagua mojawapo ya njia mbili: ama hutupa daftari na kula bila kipimo, ama huketi kando wakinywa maji huku wenzao wakifurahi.

Ipo njia ya tatu, na ndiyo tutakayoizungumzia leo.

KALORI NI KITU GANI?

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula, kama vile kilo ilivyo kipimo cha uzito. Kalori moja ya chakula ni joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa digrii moja ya sentigredi. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanakemia Mmarekani Wilbur Atwater na wenzake walipima vyakula vingi, na kutokana na kazi yao tukapata hesabu inayotumika hadi leo. Gramu moja ya wanga, kama vile mchele au unga, ina kalori 4. Gramu ya protini ina 4 vilevile. Gramu ya mafuta ina 9, na gramu ya pombe ina 7.

Mtu mzima anahitaji kalori ngapi kwa siku? Hutegemea umri, umbo na kazi, lakini kwa kawaida wanawake wengi hukadiriwa 2,000 hivi na wanaume 2,500. Anayelima au kuvuta nyavu kutwa huhitaji zaidi ya anayeshinda kitini ofisini.

HESABU CHUNGU, USIHESABU MATONGE

Ugumu wa kuhesabu kwenye sinia ni kwamba vitabu na programu nyingi za simu zimetungwa kwa ajili ya watu wanaokula kila mmoja na sahani yake. Sisi hula pamoja, na haiwezekani kuhesabu matonge bila kuwaudhi wenzako.

Dawa yake ni kwenda jikoni mapema. Saidia kukuna nazi, nawe utajua kilichoingia chunguni. Kisha gawanya kwa idadi ya walaji. Tufanye mfano.

Mama amepika kilo 2 za mchele kwa watu 15. Kilo moja ya mchele mkavu ina kalori 3,600 hivi, kwa hiyo chungu kina 7,200. Ametia tui la nazi tatu. Nyama yote ya nazi moja iliyokomaa hufikia kalori 1,000 au hata zaidi, lakini sehemu ya mafuta hubaki kwenye machicha, basi tukadirie 700 kwa tui la kila nazi. Hizo ni 2,100. Jumla ya chungu cha wali ni 9,300, na fungu la kila mtu ni 620.

Samaki ni kilo 3. Ukitoa vichwa na miiba hubaki nyama kama kilo moja na nusu, na nyama ya samaki mweupe kama changu au tafi ina kalori 1,000 hivi kwa kilo. Hizo ni 1,500. Tui la kupaka la nazi mbili ni 1,400. Gawanya kwa 15 na kila mtu atapata chini kidogo ya 200. Ongeza upawa mdogo wa mbaazi za nazi, tuseme 150.

Jumla ni chini ya kalori 1,000. Yaani mlo mkubwa kabisa wa sikukuu, wa wali wa nazi, samaki wa kupaka na mbaazi, haujazidi nusu ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Tena una protini ya samaki na nyuzinyuzi za mbaazi, vitu vinavyokaa tumboni na kuleta shibe ya kweli.

Ni makadirio tu, na mkono wako huenda ukachota zaidi ya fungu lako. Hata hivyo, makadirio yatokayo jikoni ni bora kuliko woga usio na hesabu. Anayetaka kuwa makini zaidi atumie majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Kenya, yaliyotolewa mwaka 2018 na serikali pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Kipo pia kitabu cha mapishi kilichoandamana nayo.

BASI MWIZI NI NANI?

Ikiwa mlo wenyewe hauna hatia, mbona watu hurejea mjini nguo zikiwabana? Tazama yanayotokea pembeni mwa sinia.

Asubuhi ulikunywa chai na mahamri manne. Hamri moja, kwa unga, sukari, tui na mafuta liliyofyonza, aghalabu hufika kalori 150 hadi 200. Hapo umekula 600 au zaidi. Kutwa umekunywa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Kijiko kidogo cha sukari kina kalori 16, basi hizo ni karibu 150. Kila nyumba uliyopita kuamkia ulipewa soda. Chupa ya mililita 300 ina kalori 130 hivi, na kwa nyumba tatu zimekuwa 390.

Zijumlishe. Zimevuka 1,100 nawe hujaketi kwenye sinia! Na hatujataja kaimati zilizokolea shira, viazi karai, wala mnazi kwa wanaotumia. Waliosema haba na haba hujaza kibaba hawakukosea.

Ajabu ni kwamba soda ya tatu hakuna anayeikumbuka jioni. Wali wa mavyaa utaukumbuka mwaka mzima. Sisi huujutia wali na kuisahau soda.

FUNZO LA WAVUVI

Wakati ukila huyo samaki wa kupaka, kumbuka alivyofika sahanini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi na wazee wa Kuruwitu walikuwa na wasiwasi mkubwa kwa sababu samaki walikuwa wakipungua baharini. Mwaka 2003 wakaunda chama chao cha kuhifadhi bahari, Kuruwitu Conservation and Welfare Association. Mwaka 2005 wakatenga sehemu ya bahari ya takriban hekta 30 ambamo uvuvi ulipigwa marufuku. Sehemu kama hiyo huitwa tengefu.

Haikuwa rahisi. Mtu anayetegemea bahari kwa riziki ya leo, kumwambia asiguse kipande chake ni jambo zito, na wapo waliopinga. Lakini miaka ilivyopita, matumbawe yalianza kupona na samaki wakaongezeka. Wanapojaa ndani ya tengefu huvuka mpaka, na wavuvi huwapata nje.

Angalia hekima yake. Wavuvi wale hawakuifunga bahari yote, wala hawakumtaka kila mvuvi ajutie kila samaki anayempata. Walichagua mahali pamoja, wakaweka mpaka unaojulikana, na kwingine wakaendelea kuvua.

Nawe weka tengefu lako la sikukuu. Chagua kitu kimoja au viwili ambavyo hutavigusa msimu mzima, na kabla hujapanda basi uwe umeviamua. Kwa wengi, soda ndiyo ya kwanza kutengwa. Pwani si mahali pa kukosa cha kunywa badala yake: dafu la kiasi cha mililita 300 za maji lina kalori kama 60 tu. Mwingine atatenga sukari ya chai, mwingine mahamri yazidiyo mawili. Ukishaweka mpaka huo, sinia liache wazi. Kula fungu lako kwa furaha, na mshukuru aliyepika.

Mpishi naye aweza kusaidia bila mtu kuona tofauti. Wali upikwe kwa tui la pili, na lile zito la kwanza liwekwe kwa ajili ya kupaka samaki. Samaki achomwe makaani badala ya kukaangwa. Kando pawe na mchicha au mchunga, ile mboga chungu ambayo Wagiriama huiita mutsunga, na ndimu nyingi ili chumvi ipungue.

KWA WENYE SUKARI NA PRESHA

Hapa pana tahadhari. Mwenye kisukari anayetumia vidonge au sindano za insulini asiruke mlo asubuhi kwa nia ya "kuweka nafasi" ya mchana, kwa maana sukari yaweza kushuka ghafla na kumwangusha. Ale kwa saa zake, apunguze wali na kuongeza samaki na mboga, na azungumze na wahudumu wa kituo chake cha afya kabla ya sikukuu. Pombe nayo, ukiwemo mnazi, yaweza kuishusha sukari kwa anayetumia dawa hizo. Mwenye presha akumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo, na hiyo ni pamoja na iliyomo kwenye achari.

Nanyi jamaa, msimtenge mgonjwa. Nyumba nyingi humpikia nyanya mwenye sukari kijisufuria chake na kumlisha peke yake ndani, eti kwa kumhurumia. Mtu mzima aliyewalea nyote, leo ale pekee kama mgeni asiyejulikana? Wakati mwingine matokeo yake ni kwamba usiku, wote wamelala, yeye huamka na kula makombo gizani bila kipimo. Afadhali aketi nanyi, na upande wake wa sinia uwekwe samaki na mboga zaidi. Kizuri kula na nduguyo.

SIKU MOJA HAIHARIBU MWAKA

Mwaka 2000 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu wazima 195 nchini Marekani waliopimwa uzito kabla na baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Kwa wastani waliongezeka chini ya nusu kilo, ingawa wenyewe walidhani wameongezeka zaidi ya hapo. Habari mbaya ni kwamba uzito huo mdogo haukuondoka katika miezi iliyofuata. Nusu kilo kila mwaka kwa miaka 20 ni kilo 10.

Kwa hiyo usiiogope tarehe 25 Desemba. Iogope tarehe 27, wakati kiporo, soda na kaimati vinapoendelea kana kwamba sikukuu haijaisha. Asubuhi ya kesho yake amka mapema, maji yakiwa yametoka, utembee ufuoni saa nzima na watoto. Kisha rudi kwenye sima, mboga na daftari lako.

Na kwenye ukurasa wa Krismasi usiandike "nimekosa". Andika: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mbaazi, kalori 1,000. Soda, hakuna. Mavyaa amefurahi.

Sikukuu njema.