Ngome ya Kilwa inaitazama Dodoma

Kila bajeti ya Wizara ya Maliasili na Utalii inapofika bungeni hapa Dodoma, masikio yetu huwa kwa tembo, simba na idadi ya watalii. Safari hii ningependa tuisikie pia Kilwa Kisiwani.

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, jengo la kwanza kukupokea ni Gereza, ngome iliyosimama ufukweni kabisa. Wareno wa Francisco de Almeida waliuvamia mji wa Kilwa Kisiwani mwaka 1505, wakajenga ngome, na kufikia 1512 walikuwa wameshaondoka. Karibu karne tatu baadaye Waomani wakajenga upya papo hapo jengo tunaloliona leo, lenye minara ya duara kwenye pembe mbili zinazokabiliana.

Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, basi. Lakini chokaa hiyo ina kazi! Matumbawe hupangwa juu ya magogo, huchomwa hadi yakaiva, humwagiwa maji, kisha huachwa yalale kabla ya kuchanganywa na mchanga. Ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Ukiuziba kwa saruji, chumvi ya bahari hunasa ndani na kulila jiwe taratibu, huku plasta ikionekana nzima. Fundi anayekwenda Gereza na mfuko wa saruji anabomoa, hata kama nia yake ni njema.

Bahari nayo haijalala. Mawimbi yameumega ufuko, na sehemu ya ukuta unaoelekea majini iliporomoka. UNESCO iliyaandikisha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, ikayatoa 2014. Katikati ya miaka hiyo kuta zilikarabatiwa, na wakazi wa kisiwani wakashiriki kazi hiyo.

Huo ndio urithi ninaouhofia zaidi kupotea: mikono inayojua chokaa. Mfadhili huja na kuondoka, ila mvua na chumvi hurudi kila mwaka. Wenzetu wa Kondoa, wenye michoro ya miambani iliyoingia orodha hiyohiyo mwaka 2006, wanalijua hilo.

Waheshimiwa wabunge, tengeni fungu la kila mwaka kwa ajili ya chokaa na ujira wa waashi wa Kilwa Kisiwani.