Dalili za Hatari kwa Mama Mwenye Mimba Pevu



Karafuu iliyopevuka haimngoji mwenye shamba. Ikipitwa na siku zake huchanua, na thamani yake hupungua. Hili kila mmoja wetu analijua. Lakini mama mwenye mimba pevu akionyesha dalili ya hatari, wengi wetu bado husema, "Tungoje kesho." Leo twapenda kueleza kwa nini kesho huenda ikawa si yetu, na mfano twautoa bara, katika nyanda za juu za Kigoma.

Kasulu na Kibondo ni nchi ya vilima, na kutoka Kibondo hadi mjini Kigoma ni zaidi ya kilomita 200. Mwaka 1984, katika hospitali ya mkoa huo, walikuwa wakifa akina mama 933 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Daktari Godfrey Mbaruku na wenzake wakachunguza vifo hivyo, wakaona sababu nyingi zaweza kuondolewa kwa vitu vilivyopo papo hapo: damu ya akiba, vyombo vilivyotengenezwa, dawa zisizokatika na kazi iliyopangwa vyema. Kufika mwaka 1991 hesabu ilikuwa imeshuka hadi 186.

Basi hospitali yaweza kuokoa. Lakini haimwokoi mama asiyefika. Kwa hiyo yatupasa sote, waume kwa wake, kuzijua dalili hizi:

1. Kutoka damu, hata kidogo, hata bila ya maumivu. Huenda kondo limekaa chini au limeachana na mfuko wa uzazi.

2. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba. Hizi ni dalili za kupanda kwa damu, na mwisho wake ni kifafa cha mimba. Kifafa hiki si shetani, na dawa yake iko hospitali.

3. Mtoto kupunguza kucheza, au kutulia kabisa.

4. Maji kutoka kabla ya uchungu.

5. Homa kali, au maumivu ya tumbo yasiyoachia.

6. Kuhema ovyo, na viganja kuwa vyeupe kwa upungufu wa damu.

Ionekanapo hata moja, aende hospitali saa ile ile. Asingoje dalili ya pili, wala asingoje mume arudi shambani ndipo ruhusa itoke. Ruhusa itolewe leo, mama akiwa mzima.

Twawashauri wanachama kila nyumba iweke akiba ya nauli, ijue gari la nani litapatikana usiku, na ijue ndugu gani yu tayari kutoa damu. Wenzetu wa Kojani na Fundo, ambao huvuka maji, wapatane na mwenye chombo mapema. Na msimu unapokuja, mama aliyekaribia siku zake asipelekwe dago la mbali na njia ya gari, hata kama mikono ya kuchambua ni michache.

Pishi za karafuu zikipotea mwaka huu, mikarafuu itazaa tena. Mama akipotea, harudi.