Umeme wa Ruzuku Turkana: Nani Atakayeutunza?

Mfugaji wa Turkana akisikia habari za ruzuku ya umeme huenda akadhani kwamba jambo hili ni la watu wa mjini peke yao. Sivyo. Siku hizi mahali pengi umeme ndio uvutao maji ya kisima, ndio utiao baridi dawa za chanjo, na mvuvi wa ziwani huuhitaji apate barafu ya samaki wake. Pampu ikinyamaza siku tatu wakati wa kiangazi, mbuzi hawawezi kumngoja fundi wa kutoka Kitale. Kwa hiyo yafaa kila mtu ajue fedha hizi hutoka wapi na zatakiwa kufanya kazi gani.

Ruzuku ni fedha zitolewazo kwa kazi ya manufaa, bila aliyepewa kutakiwa kuzirudisha. Lakini isidhaniwe kuwa hazina mwenyewe. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 150 kwa mpango uitwao KOSAP, wa kupeleka umeme wa jua katika kaunti 14 zilizoachwa nyuma, Turkana ikiwa mojawapo. Ndani yake zimo gridi ndogo za vijiji, umeme wa shule na zahanati, na pampu za visima. Kwa kijiji, huo ni msaada. Kwa Serikali ya Kenya ni mkopo, nao hulipwa kwa kodi za wananchi wote, pamoja na zako.

Bwawa la Turkwel, lililo mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi, lilianza kutoa umeme mwaka 1991. Hata hivyo umeme wake ulipelekwa kusini, na kwa miaka mingi baadaye mji wa Lodwar uliwashiwa taa na mashine za dizeli. Dizeli husafiri kwa malori, na laga zikijaa maji malori hulala njiani. Jua halihitaji lori. Gridi ndogo huwa na paneli za kukusanya jua mchana, betri za kuweka akiba ya usiku, na mara nyingi mashine ya dizeli ya kusaidia siku ya taabu.

Gridi imara si ile isiyopatwa na pigo, bali ile ipigwayo ikainuka upesi. Adui zake huku kwetu twawajua. Joto hufupisha maisha ya betri, basi zijengewe nyumba yenye kivuli na hewa. Vumbi hupunguza nguvu za paneli, basi zifutwe mara kwa mara. Mchwa hula nguzo za mti, na mafuriko hung'oa nguzo zilizosimikwa kando ya laga. Hata Marekani, nchi tajiri, sheria ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 10.5 za kuimarisha mitambo na nyaya za umeme dhidi ya dhoruba na maafa mengine.

Lakini fedha peke yake hazitoshi. Kalokol kuna somo kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway ilijenga pale kiwanda cha kugandisha samaki. Gharama ya umeme wa kugandishia na ya maji safi ilizidi faida, nacho kikafungwa baada ya muda mfupi. Kisha maji ya ziwa yakarudi nyuma, na ghuba ya Ferguson ikakauka. Majengo yalikuwapo, hesabu ya kuyaendesha ndiyo iliyokosekana.

Njia nyingine ilionekana karibu na Kakuma. Mwaka 2019 kampuni ya Renewvia iliwasha gridi ndogo ya jua Kalobeyei, ikisaidiwa na ruzuku iliyopitia shirika la GIZ la Ujerumani. Ruzuku hiyo ilifuata matokeo: kwanza watu wapate umeme, ndipo fedha zilipwe. Mjenzi wa namna hiyo hana faida ya kuacha nguzo zisizo na nyaya.

Basi, maofisa wakija barazani, wazee na kina mama waulize mambo manne. Kwanza, betri zikichakaa, fedha za kununua nyingine zitatoka wapi? Pili, vijana gani wa hapa watafundishwa ufundi, na vipuri vitawekwa wapi? Tatu, bei ya umeme itakuwa kiasi gani, na nani ameikubali? Nne, mtambo utakaa juu ya ardhi ya nani? Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yawapa wenyeji haki ya kuamua juu ya ardhi yao, basi wachague mahali pa juu, mbali na laga, na mapatano yaandikwe.

Halmashauri ya kisima nayo ianze sasa kuweka akiba kidogo kila mwezi, hata kabla pampu haijakohoa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.