Nyumba ya Washauri ya Bwana na Bibi Gilbreth

Biashara ya kuuza shauri ni amali ya ajabu, kwa kuwa muuzaji hana ghala wala mizani, wala bidhaa ambayo mnunuzi aweza kuigusa kabla ya kutoa fedha zake. Na kati ya walioishika amali hiyo huko Marekani, ni wachache ambao kisa chao chastahili kusimuliwa kama kile cha Frank Gilbreth na mkewe Lillian, waliofanya nyumba yao wenyewe kuwa afisi.

Frank, aliyezaliwa mwaka 1868, hakupita chuo kikuu. Alianza uanagenzi wa uashi, na huko akatambua kwamba hakuna waashi wawili wanaojenga kwa namna moja, na kwamba hata fundi mmoja ana namna yake ya kumfundishia mwanagenzi na nyingine anapotaka kumaliza kazi upesi. Basi akabuni jukwaa la kupandisha na kushusha, matofali yasiokotwe tena chini kwa kuinama, hata harakati za kuweka tofali moja zikapungua kutoka 18 hadi nne na nusu. Baada ya kuwa mkandarasi mwenye sifa, aliacha ujenzi, na mwaka 1912 akaingia kiwanda cha New England Butt Company mjini Providence kama mshauri, akiwapiga picha za sinema wafanyakazi huku saa imewekwa mbele yao, ili kila nukta ya wakati ionekane ilipopotelea. Lillian, aliyepata udaktari wa saikolojia mwaka 1915, ndiye aliyeuliza lile ambalo saa haikuweza kulijibu, yaani uchovu wa mtu na ridhaa yake. Walakini kitabu chake cha mwaka 1914 kilitolewa kwa herufi za mwanzo za majina yake, msomaji asijue kuwa mwandishi ni mwanamke.

Itikadi ya wawili hawa ilikuwa kwamba kila kazi ina njia moja iliyo bora, na njia hiyo ikishapatikana si milki ya fundi yeyote. Kumbe wateja wao hawakuwa na itikadi hiyo. Tarehe 14 Juni 1924 Frank alifariki ghafla katika kituo cha reli, akizungumza na mkewe kwa simu. Na ingawa mjane huyo, mwenye watoto 11 wa kulea, alisafiri siku chache baadaye hadi London na Prague kushika nafasi ya marehemu katika mikutano ya wahandisi, wenye viwanda wakubwa walikataa kuendeleza mikataba yao. Elimu ilikuwa ile ile, na picha zilikuwapo kabatini; walichokuwa wakikinunua, naona, ni kauli ya mwanamume mwenye kifua kipana.

Lillian alifungua darasa nyumbani, akiwafundisha wahandisi waliotumwa na makampuni, kisha akashauri maduka ya Macy's, na mwaka 1935 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Purdue. Hata hivyo, sifa yake kubwa miongoni mwa umma ilitoka jikoni, kwani kampuni ya gesi ya Brooklyn ilimwajiri apange meko na makabati ili mpishi apunguze hatua. Na wale wale waliodhani mwanamke hawezi kuwaamrisha watu wa kiwandani walilipokea neno lake la upishi bila ya kuuliza hoja, ilhali nyumbani kwake kazi ya kupika aliiachia mtumishi.