Spika ya Karibu Hulihadaa Sikio

Sauti ikitoka kulia, sikio la kulia huipata kwanza, na la kushoto hufuata baada ya muda usiofikia hata milisekunde 1. Kwa tofauti hiyo ndogo ubongo hutambua upande sauti itokako. Filamu zetu za leo hutegemea jambo hilo. Kifaa kidogo kinachozipokea kwa intaneti huweza kuipelekea amplifaya njia 6 za sauti: tatu za mbele, mbili za nyuma, na moja ya sauti nzito.

Matatizo huanza sebuleni. Tuseme spika za mbele ziko meta 3 kutoka kwa msikilizaji, na za nyuma meta 1.5. Katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi, sauti husafiri meta 343 hivi kwa sekunde; kwa hiyo ya nyuma huwahi kwa milisekunde 4.4. Mwaka 1949 Helmut Haas wa Ujerumani alionyesha kwamba sikio huifuata sauti iliyotangulia, hata kama inayofuata ina nguvu zaidi kidogo. Basi ngurumo iliyokusudiwa kumzunguka mtazamaji humjia kisogoni tu! Kununua spika za bei kubwa hakuondoi kasoro hiyo. Yafaa kupima kwa futikamba umbali wa kila spika na kuuingiza katika amplifaya, nayo itazichelewesha zile za karibu. (Nyuma kukiwa kimya kabisa, huenda kifaa kimepangwa kutoa njia 2 tu.)

Wanafunzi wakokotoe: spika iliyo meta 2 icheleweshwe kwa muda gani?